Kutoka Dar es Salaam hadi Ukara: safari ndani ya ramani ya Sensa ya 2022

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan atangaze matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, namba moja imekuwa ikirudiwa katika hotuba na katika madarasa yetu: watu 61,741,120. Ukiigawa kwa eneo la nchi kavu, unapata chini kidogo ya watu 70 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na wastani huo nimeuandika ubaoni mara nyingi, huku nikijua kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu 3,865 katika kilomita hiyo moja ilhali Lindi ina takribani 18. Mwaka 2022 nilikuwa pia karani wa sensa katika mtaa mmoja wa Mbagala, ambako eneo langu la kuhesabia watu niliweza kulizunguka lote kwa miguu kabla chai haijapoa. Makarani wenzangu wa mikoa ya magharibi walinisimulia mambo tofauti kabisa, na kwa muda mrefu nilitaka kuona nchi waliyoihesabu wao.

Katika likizo ya Juni 2025 nilisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, Tabora na Katavi, kisha nikapanda kaskazini hadi visiwa vya Ukerewe na Ukara katika Ziwa Victoria. Simulizi hii nimeiandika baada ya kurejea, kwa msaada wa daftari langu na picha za simu.

Jumatatu, 9 Juni: Dar es Salaam – Dodoma

Niliondoka kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa, daraja la kawaida, kwa nauli ya shilingi 31,000. Atakayeifuata njia hii akate tiketi siku kadhaa kabla, abebe kitambulisho, na afike stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo.

Dirisha la treni hiyo lilinifundisha jambo ambalo jedwali la mikoa linalificha. Kati ya mwaka 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko ambalo kwa mwaka ni dogo kuliko lile la taifa la asilimia 3.2. Anayesoma safu hiyo peke yake anaweza kudhani kwamba jiji limeanza kutulia. Lakini treni ilipoiacha Pugu na kuingia mkoa wa Pwani, nyumba hazikukoma: mabati mapya, misingi ambayo haijainuliwa kuta, viwanja vilivyozungushiwa miti ya michongoma, na barabara za udongo mwekundu zilizochongwa juzi tu. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukawa na 2,024,947. Jiji limevuka mpaka wake na kuhamia Kibaha, Mkuranga na Kisarawe, na kwa kuwa mpaka wa mkoa haukuhama pamoja nalo, wakazi hao wanahesabiwa Pwani ilhali kazi yao, na mara nyingi shule za watoto wao, ziko Dar es Salaam. Nadhani hili ndilo jambo la kwanza ambalo wapangaji wa mabasi na maji wanapaswa kulisoma katika sensa ile.

Baada ya Morogoro watu walipungua, milima ikapita, na kwa chini ya saa nne za safari tulikuwa Dodoma. Stesheni iko Mkonze, nje kidogo ya katikati ya jiji; bodaboda alinitoza shilingi 4,000 hadi chumba changu cha shilingi 25,000.

Jioni nilikula ugali wa mtama na mlenda kwa mama lishe mmoja aliyeniambia kwamba alihamia kutoka Kondoa mwaka 2017, baada ya kusikia kwamba watumishi wa wizara wanakuja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini uhamisho wenyewe ulishika kasi kuanzia 2016. Mkoa mzima una takribani watu 75 kwa kilomita ya mraba, karibu sawa na wastani wa taifa. Hata hivyo, katika watu wake 3,085,625, robo nzima wamo ndani ya Jiji la Dodoma, na waliobaki wametawanyika katika nchi kame ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu. Hata mkoa unaofanana na wastani hauishi kwa wastani.

Jumanne, 10 Juni: Dodoma – Manyoni – Itigi – Tabora

Basi la asubuhi, nauli shilingi 32,000, lilipita Manyoni na kuingia njia ya Itigi, Chaya na Nyahua, ambayo sasa ni lami. Vichaka vya Itigi vimesongamana kiasi kwamba mtu hawezi kupenya bila panga, na kwa mwendo mrefu hatukuona moshi wa jiko. Abiria wengi walilala. Mimi niliandika alama daftarini kila nilipoona nyumba, na ukurasa ulibaki karibu mtupu hadi tulipoukaribia mji wa Tabora.

Nilikaa huko Jumatano nzima, nikala wali na kuku wa kienyeji, nikanunua chupa ya asali kwa shilingi 10,000. Watu wengi wa Dar es Salaam hushangaa wanapoambiwa kwamba Tabora, yenye watu 3,391,679, ni mkoa wa tatu nchini kwa idadi, baada ya Dar es Salaam na Mwanza. Wachache hukumbuka kuongeza kwamba ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo, na kwamba watu hao wametandazwa katika zaidi ya kilomita za mraba 76,000.

Alhamisi, 12 Juni: Tabora – Sikonge – Koga – Mpanda

Hii ndiyo siku niliyoifuata kutoka Dar es Salaam. Basi liliondoka alfajiri (nauli shilingi 28,000), likapita mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia majani yake, kisha baada ya Sikonge miti ya miyombo ikafunga pande zote mbili. Sehemu kubwa ya wilaya ya Sikonge ni hifadhi za misitu. Mizinga ilining'inia juu ya miti, na kando ya barabara nilihesabu baiskeli nyingi kuliko nyumba.

Utupu huu una historia. Miyombo ya magharibi ni makazi ya mbung'o, na mbung'o hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa watu katika misitu mingi ya upande huu na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kuuzuia ugonjwa. Palipoachwa wazi msitu ukarudi, na msitu uliporudi wanyama na mbung'o wakaongezeka. Baadaye, katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji nayo ikawasogeza waliokuwa wametawanyika hadi kando ya barabara. Kwa hiyo mtu anayeiangalia ramani ya msongamano na kusema kwamba hapa "hapafai kuishi" anasoma nusu tu ya sababu.

Mbele ya Ipole tairi la nyuma lilipasuka, na la akiba likaonekana halina upepo wa kutosha. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Mbung'o walituingia wakati milango ikiwa wazi, na waliovaa nguo za rangi ya bluu waliumwa zaidi. Kwa hiyo mvae nguo za rangi ya khaki au kijivu katika barabara hii, na mbebe maji ya siku nzima, kwa sababu hapana duka kwa umbali mrefu. Kina mama wawili waliokuwa wakitoka shambani walitukuta, wakarudi kwao, na baada ya muda wakaja na sufuria ya viazi vitamu vya kuchemsha. Walipoulizwa bei, mkubwa wao alijibu, "Mgeni aliyeharibikiwa njiani haulizwi pesa." Dereva aliwapa dumu la maji, nao wakalipokea kwa shukrani kubwa, kwa kuwa kisima chao kiko mbali.

Kijana aliyewasindikiza alikuwa amewahi kuwa karani wa sensa. Aliposikia kwamba nami nilikuwa karani, alikaa kando yangu kwenye gogo na kunieleza kazi yake hatua kwa hatua. Eneo lake lilikuwa na kaya chache sana kuliko langu, lakini lilimchukua siku nyingi zaidi. Pikipiki ilimfikisha mahali fulani tu, na palipobaki alitembea na mwenyekiti wa kitongoji, huku kishikwambi kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na betri ya akiba ikiwa imechajiwa kwa umeme wa jua.

"Shida haikuwa watu kukataa, mwalimu," aliniambia. "Shida ilikuwa warina asali. Wamo ndani ya pori majuma mawili, matatu. Mkewe anakwambia, mume wangu yupo hai, lakini jana hakulala hapa."

Kwa asiyeifahamu kanuni, hapo ndipo ugumu ulipo. Sensa yetu huhesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, nayo mwaka 2022 ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti. Aliyelala katika nyumba ya wageni alihesabiwa huko, aliyelala hospitali alihesabiwa huko, na waliokuwa wakisubiri mabasi walihesabiwa vituoni. Mrina asali naye ilibidi afuatwe kambini na kuulizwa alilala wapi usiku ule. Kijana yule alizifuata kambi tatu, mojawapo kwa mwendo wa kutoka asubuhi hadi alasiri, akakuta wanaume wanne. Wanne hao wamo ndani ya ile milioni 61, na gharama ya kuwahesabu ilikuwa kubwa kuliko ya kuhesabu jengo zima la ghorofa Kariakoo.

Niliuliza kuhusu zahanati. Alisema ya karibu iko mbali kiasi kwamba mjamzito huhamia kwa ndugu mwezi wa mwisho. Fedha za huduma zikigawanywa kwa kuangalia vichwa peke yake, kijiji kama hiki hupata fungu dogo kwa sababu watu wake ni wachache, ilhali kila mmoja wao anahitaji safari ndefu zaidi kuifikia huduma ileile. Sensa ya 2022 ilikuwa ya kwanza kwetu kutumia vishikwambi, na iliambatana na sensa ya majengo na anwani za makazi, kwa hiyo taarifa za mahali watu walipo tunazo. Naamini kwa dhati kwamba umbali unapaswa kuingizwa katika hesabu ya mgawo kama inavyoingizwa idadi.

Lori la mbao lilisimama, fundi wake akajaza tairi letu upepo kwa pampu yake na kukataa malipo. Tulifika Mpanda usiku. Msimamizi wa nyumba ya wageni (shilingi 20,000, maji ya moto kwenye ndoo) aliamsha mpishi kwa ajili yetu, tukala wali na migebuka kutoka Ziwa Tanganyika.

Ijumaa na Jumamosi, 13–14 Juni: Mpanda na Katumba

Katavi ina takribani watu 25 kwa kilomita ya mraba, na msafiri aliyetoka Sikonge hutarajia mji wa kimya. Mpanda haikuwa hivyo. Stendi ilijaa magunia ya mpunga, wafugaji wa Kisukuma, mafundi ujenzi na wauza vipuri vya pikipiki. Mwaka 2012 mkoa huu, ambao ndipo tu ulikuwa umeanzishwa, ulikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 ulikuwa na 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, jambo ambalo uzazi peke yake hauwezi kulifanya. Watu wamehama kutoka kanda ya ziwa wakifuata ardhi ya mpunga na mahindi na malisho ya mifugo. Mzee mmoja sokoni aliniambia kwamba alitoka Shinyanga na ng'ombe wake kwa miguu, kituo kwa kituo, kwa misimu kadhaa, kwa sababu shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa hadi likawa ukanda.

Jumamosi nilichukua bodaboda hadi Katumba, kwenda na kurudi shilingi 20,000 pamoja na muda wa kusubiri. Katumba ilianzishwa kama makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, kama ilivyokuwa Ulyankulu mkoani Tabora na baadaye Mishamo. Walipewa msitu na majembe, na kwa miaka mingi walikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa chakula upande huu. Zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014.

Nilikaribishwa na mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo. Alinipa kiti, uji wa ulezi na ndizi, kisha akanieleza siku karani alipokuja mwaka 2022. Mama yake mzazi alivaa kitenge kipya na kukaa mlangoni tangu asubuhi, akiwa na cheti cha uraia ndani ya bahasha. "Nilimwambia, mama, hawaulizi kabila wala dini," alisema. "Akajibu, najua, lakini wataniuliza uraia, nami nataka kujibu mwenyewe." Ni kweli kwamba dodoso letu haliulizi dini, na kabila halijaulizwa tangu sensa ya 1967. Nilimwomba anisalimie mama yake, naye akaniita ndani nimsalimie mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akanishika mikono yote miwili.

Watakaofika Katumba wajitambulishe kwanza ofisi ya kijiji, na wasipige picha za watu bila idhini yao.

Jumapili, 15 Juni: Mpanda – Mwanza

Safari ya basi ya kutwa nzima, kuanzia giza la alfajiri hadi Nyegezi usiku, isiyo na la kusimulia ila hili: kuanzia Nzega kuelekea Shinyanga na Mwanza miti ilizidi kupungua na nyumba kuongezeka, hadi pakawa hapana mahali pa kutupa macho pasipo paa. Jiji lilikuwa likijiandaa kwa uzinduzi wa Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo–Busisi, siku chache mbele, na vyumba vilikuwa haba. Nilipata kimoja kwa shilingi 40,000 baada ya mwenye nyumba wa kwanza kunisindikiza hadi kwa jirani yake.

Jumatatu na Jumanne, 16–17 Juni: Ukerewe na Ukara

Mkoa wa Mwanza una takribani watu 390 kwa kilomita ya mraba ya nchi kavu, lakini visiwa vyake vimezidi hapo. Meli ilinifikisha Nansio mchana, na kesho yake Hiace ikanipeleka Bugolora, kilipo kivuko cha Ukara.

Hapo mtu huongea kwa sauti ya chini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kwa siku kadhaa taifa lilisubiri kujua waliokuwamo ni wangapi, kwa kuwa hesabu ya kuaminika ya waliopanda haikuwapo. Iliwalazimu waokoaji kuhesabu waliookolewa na miili. Katika kivuko nilichopanda mimi, mfanyakazi alisimama mlangoni akikata kila tiketi, na idadi ilipofikia kiwango alishusha mnyororo. Waliobaki nje hawakulalamika.

Ukara ni kisiwa kidogo, na wanajiografia wamekuwa wakiandika habari zake tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa sababu wakulima wake waliweza kulisha watu wengi mno katika udongo wa kichanga usio na rutuba kubwa. Walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani na kuwaletea chakula, wakakusanya samadi na kuibeba kichwani hadi shambani. Walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kati ya uwele ili kuurutubisha udongo, na kujenga kuta za mawe kuzuia mmomonyoko. Niliviona viwanja vilivyopimwa kwa hatua, vikiwa na mihogo hadi ukingo wa mwamba.

Mzee mwenye mojawapo ya mashamba hayo alinialika kwa ugali wa muhogo na dagaa. Tulitembea mpaka wa shamba lake ndani ya dakika chache. Alikuwa na watoto saba, na aliniambia bila kusitasita kwamba ardhi ile inatosha mmoja. Mwaka 2022 karani alipouliza ni akina nani waliolala nyumbani, alitaja watatu: yeye, mkewe na mwana wa mwisho. Wawili walihesabiwa Geita, mmoja kwenye kambi ya wavuvi, mmoja Mwanza mjini, na wawili waliokwenda kutafuta mashamba ya mpunga walihesabiwa Mpimbwe, mkoani Katavi. Nilipomweleza kwamba nimetoka Mpanda siku mbili zilizopita, aliuliza maswali mengi: kama mvua ilikuwa nzuri, kama barabara ya Mpimbwe inapitika, kama kuna shule ya sekondari karibu. Yale niliyoyajua nilimjibu, na namba ya simu ya mwanawe nikaiandika ili nimpelekee picha ya baba yake.

Kivuko cha kurudi Bugolora huondoka kwa ratiba ambayo hubadilika upepo ukiwa mkali, kwa hiyo anayetaka kukiona kisiwa vizuri alale usiku mmoja. Kuna vyumba vya kawaida karibu na gati, na chakula ni samaki wa siku hiyohiyo. Mimi niliondoka alasiri, nikalala Nansio, na Jumatano nikapanda meli ya asubuhi kwenda Mwanza.